Siku Tulipomwaga Wali Nangurukuru

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Najua mnacheka. Mama yangu naye alicheka, akauliza kama nimepewa na saa ya ukutani. Lakini goti haliangalii cheti cha kuzaliwa. Nimechuchumaa kwenye mitaro ya mabomba kutoka Kilwa Masoko hadi Mingoyo tangu nikiwa msichana, na mwaka huu daktari alilibonyeza goti langu la kushoto, akasikiliza linavyolia, akasema, "Chagua, bomba au goti." Nimechagua goti. Spana nimewaachia ninyi mnaoanza, na kwa kuwa mnanipigia simu na maswali mpaka chakula changu kinapoa, nimeona bora niandike.

Kwanza niungame. Kazi hii sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nyingine za fundi wa nchi ya mbali ambaye lugha yake sikuielewa hata neno moja. Nilikuwa natazama mikono tu. Mtu aliyejifunza hivyo haishiwi wasiwasi, maana hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia, "Sawa, hapo imetosha." Nilikuwa nafunga koki leo, na kesho asubuhi narudi kwa mwenye nyumba kujifanya nimesahau futi kamba, kumbe nataka kugusa kiungo nione kama kimelowa. Kuna mama mmoja Masoko alikuwa akiniona mlangoni anaita, "Haya fundi, leo umesahau nini tena?" Na kikombe cha chai ameshakimimina.

Chai ndiyo iliyoniingiza kwenye habari ya maji yanayorudi. Katika mtaa mmoja wa Masoko watu walianza kunywa chai yenye chumvi. Si wote, na si kila siku. Mume na mke mmoja walikuwa hawasemezani, mume akishikilia kwamba mke anamfanyia kusudi, mke akiapa kwamba chumvi hata hana. Niliitwa nikakague tangi lao. Tangi lilikuwa safi. Basi nikachukua kikombe nikapita nyumba kwa nyumba naonja maji kama mtu anayeonja mchuzi wa harusi, mpaka nikafika kwa bwana mmoja mwenye kisima uani. Maji ya visima vya kule mnayajua, yana chumvi. Bwana huyu alikuwa ameunganisha pampu ya kisima kwenye bomba lilelile la mtaa, ili maji ya mgao yakikatika koki zake ziendelee kutoa. Akiwasha pampu, maji ya kisima yanajaza nyumba yake, kisha yanatoka getini kupitia mita na kwenda kwa majirani. Alikuwa anawagawia mtaa mzima chumvi bila kujua.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho video hazikunifundisha: maji hayajui kwamba bomba lina upande wa kuingilia na wa kutokea. Yanakwenda upande wenye msukumo mdogo. Siku zote mtaa unasukuma nyumba. Siku mtaa ukiishiwa nguvu, nyumba inasukuma mtaa, au mtaa unainyonya nyumba, kama vile dereva anavyonyonya petroli kwa mpira. Dawa yake ni kifaa kidogo ambacho wenye maduka wanakiita cheki valvu. Ndani yake kuna kilango kinachofunguka maji yakija na kujifunga maji yakitaka kurudi.

Cheki valvu yangu ya kwanza niliifunga kwa huyohuyo bwana wa kisima, nikaifunga kinyume. Nyumba ikakauka kabisa. Nilifungua koki zote, nikapuliza bomba kwa mdomo, nikamwambia mita yake imekufa. Mwishowe mkewe aliinama akauliza kwa upole, "Fundi, huu mshale hapa ubavuni unaonyesha wapi?" Unaonyesha barabarani. Nilitamani mtaro ule niliouacha wazi unifukie.

Nilipomsimulia Mzee Firoz, mwenye duka la vifaa vya bomba Lindi, alicheka mpaka akavua miwani. Mzee huyu alirithi duka kwa baba yake, na hajawahi kushika spana maishani, lakini anajua kila kinachoingia kwenye bomba na kwa nini. Aliniambia, "Binti, mshale unamwangalia mnywaji. Ukisahau mengine yote, hilo usilisahau." Tangu siku hiyo nikawa nampigia simu kwa kila kitu, kama mnavyonifanyia ninyi.

Sasa niwaambie kosa lenyewe, ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Lilitokea Nangurukuru, pale njia panda. Mnapajua palivyo: mabasi ya Lindi na Mtwara yanasimama, abiria wanashuka kunyoosha miguu, na kina mama wa vibanda wana dakika chache za kuwalisha wote. Bomba la vibanda vile linashuka kutoka mtaa ulio juu kidogo, nyuma yake, na katika mtaa huo anaishi Mzee Mchopa, mkulima wa korosho mwenye shamba upande wa Kipatimu. Shambani kwake hakuna maji, kwa hiyo msimu wa kupuliza mikorosho huchanganyia dawa nyumbani, kwenye pipa la bluu, kisha hupakia kwenye pikipiki ya matairi matatu. Wengi hufanya hivyo. Na wengi huingiza mpira wa maji ndani ya pipa mpaka chini, ili dawa ijikoroge yenyewe.

Kwa sababu hiyo nilikuwa nimemfungia cheki valvu kwenye mita. Asubuhi moja akanipigia kwamba inadondosha. Nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Kitu chako kinatoa jasho."

Niliifungua. Kilango cha ndani kilikuwa kizima, kinajifunga sawasawa. Kilichokuwa kibovu ni uzi wa kukazia kiungo cha nje, tone moja moja, la kulowesha mchanga kidogo tu. Mtu mwingine angezungusha tepu nyeupe, akairudisha, akaenda zake. Mimi niliitazama ile valvu ya plastiki iliyochubuka nikaona aibu. Nilijiambia kazi yangu haiwezi kuonekana inadondosha, tena karibu na barabara kuu. Nikampigia Mzee Firoz anitumie ya shaba kwa basi la mchana.

"Nitaipakia sasa hivi," alisema. "Ile ya zamani umeirudisha?"

"Inavuja, mzee."

"Inavuja nje, au inarudisha ndani?"

"Nje."

"Basi irudishe, binti. Mpya ikifika utabadilisha."

"Ni saa chache tu."

"Maji hayana saa," alisema, na mteja akamwita, simu ikakatika.

Sikuirudisha. Nilikata kipande cha bomba nikakiunga pale mahali pa valvu ili Mzee Mchopa asikose maji, kikakaa vizuri, kikavu, kimenyooka. Nilikipangusa hata kwa kitambaa. Naungama kwamba nilikipenda. Ile valvu yenye kilango kizima nikaitia mkobani, nikaenda kibandani kwa Bi Somoe kusubiri basi.

Bi Somoe ndiye mkubwa wa vibanda vya pale. Ana sauti ya kusimamisha lori. Aliponiona nimekaa na mikono mitupu alisema, "Fundi leo kawa abiria?" akanipa vitunguu nimenye. Sufuria lake la wali lilikuwa linasubiri kutiwa maji, mchuzi uko tayari, wenzake vibanda vitatu vya jirani nao hivyohivyo.

Akafungua koki ajaze ndoo. Haikutoa kitu. Katapila la watu wa barabara lilikuwa limepasua bomba bondeni, hilo tulikuja kulijua baadaye. Bi Somoe akaweka kiganja chini ya koki, akacheka.

"Njoo uone fundi, koki yangu inanivuta mkono!"

Nilisikia ule mlio, ssss, wa hewa inayoingia ndani. Kisu kikaniponyoka kikaangukia vitunguu. Bomba lilikuwa linanyonya. Chochote kilichokuwa wazi juu yetu kilikuwa kinashuka.

Nilikimbia. Wakati huo goti lilikuwa bado langu. Mzee Mchopa alikuwa uani, kitambaa puani, analizunguka pipa la dawa huku anainama kuangalia chini yake.

"Fundi, umekuja wakati mzuri. Pipa langu nadhani limetoboka. Nimelijaza hadi hapa, sasa angalia."

Ndani ya pipa kulikuwa na alama ya unyevu, na maji meupe yalikuwa yameshuka chini ya alama hiyo. Mpira ulikuwa umezama hadi chini. Mchanga uliolizunguka pipa ulikuwa mkavu.

Mnataka kujua fundi hodari alifanya nini? Alitoa futi kamba akapima. Nilipima kutoka alama hadi kwenye maji, nikapata shibiri nzima. Nikapima tena upande wa pili, maana pipa lilikuwa limeinama kidogo. Nilikuwa nataka uhakika. Pengine mzee alikosea kulijaza, pengine jua limeyakausha. Sikutaka kwenda kuwatisha watu kisha nionekane mjinga. Nikiwa nimeinama na futi kamba yangu, ule mpira ukakohoa ndani ya pipa, ukatoa mapovu, ukaanza kumwaga. Maji yalikuwa yamerudi. Watu wa maji walikuwa wamefunga kibano kwenye ule mpasuko wakafungulia.

Yalikuwa yamerudi na kule kwenye vibanda.

Nilivuta mpira nje, nikafunga geti valvu, ile koki ya kukatia maji kwenye mita, nikakimbia tena. Nilipofika, sufuria la Bi Somoe lilikuwa limeshatiwa maji na linachemka, kifuniko kinacheza. Mwenzake wa pili alikuwa anajaza pipa la kunywa. Na kule barabarani, kwenye mteremko, basi la kutoka Lindi lilikuwa limeonekana.

"Bi Somoe, usiwape watu wali huu."

"Una nini wewe?"

"Maji yana dawa ya mikorosho. Nadhani."

"Unadhani?" Alishika kiuno na mwiko. "Basi lile pale linakuja, wewe unaniambia unadhani? Una hakika, au huna?"

Lilikuwa swali ambalo nimelikimbia maisha yangu yote. Nilitazama ndoo yake. Maji yalionekana kama maji. Nilinusa, nikasikia harufu ya vitunguu kwenye vidole vyangu.

"Sina hakika," nikasema. "Lakini usiwape."

Wa vibanda vingine hawakunisikia hata kidogo. Wauzaji wa korosho za kukaanga walikuwa wameshaanza kukimbilia basi na trei zao vichwani. Nikaingia uwanja wa msikiti ulio nyuma ya vibanda, nikamkuta muadhini anafagia baraza. Nilimweleza kwa pumzi zilizobaki. Hakuuliza mengi. Aliwasha kipaza sauti, akakigonga, kisha akanigeukia.

"Watauliza nani kasema. Niseme nani?"

Ningeweza kusema watu wa maji. Ningeweza kusema katapila. Vijana wangu, nilifikiria vyote viwili, na nilifikiria haraka sana.

"Sema fundi Zainabu. Sema niliondoa valvu kwa Mzee Mchopa sikuirudisha."

Akasema yote, neno kwa neno, kwa sauti ileile ya kutangaza msiba. "Msinywe maji ya bomba, msipikie. Fundi Zainabu anasema amekosea. Aliondoa valvu hakuirudisha. Narudia. Fundi Zainabu anasema amekosea." Lile la kurudia sikuwa nimemwomba.

Niliporudi, njia panda nzima ilikuwa inanitazama. Abiria walikuwa wameshuka, na kondakta wa basi alikuwa amesimama na boksi dogo mkononi anauliza, "Fundi Zainabu ndiye nani? Ana mzigo wake kutoka Lindi." Vidole kumi vikanionyesha.

Bi Somoe aliweka mwiko chini. Alifunga vitambaa mikononi, akaliinua sufuria na mwanawe wa kike, wakaenda nyuma ya kibanda wakalimwaga kwenye shimo la taka. Mvuke ukapanda. Alipofanya hivyo, wenzake wakamwaga na wao, mmoja akilaani ukoo wangu kwa Kimatumbi, na nilielewa kila neno. Abiria wakapanda basi na njaa yao, na korosho za kukaanga ziliisha siku hiyo kama hazikuwahi kuwapo.

"Na kama hamna kitu kwenye hayo maji?" mama wa kibanda cha tatu aliniuliza.

"Basi nitakuwa nimewaharibia kazi bure."

"Utakuwa mwendawazimu," alisema.

Nikaenda kwenye koki ya mwisho kabisa ya bomba lile, ambayo hakuna anayeitumia mchana, nikaifungua yote ili bomba lijisafishe kwenye mtaro. Walinifuata kuja kuniona nikiaibika. Maji yalitoka safi kwanza, yakamwagika kwa muda, nami nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha yakabadilika. Yalitoka meupe kama tui la pili, na harufu ikapanda, ile harufu ambayo kila mtu wa Lindi anaijua tangu utotoni, ya mashamba msimu wa kupuliza. Aliyeniita mwendawazimu alijifunika pua kwa khanga. Mzee Mchopa, aliyekuwa amefika akitweta, alitazama mtaroni akasema polepole, "Kumbe dawa yangu ilitaka kupanda basi."

Hakuna aliyecheka wakati ule. Sasa hivi wanacheka.

Hakuna aliyekuwa amekula wala kunywa, alhamdulillahi. Valvu ya shaba niliifunga mchana uleule, mshale unamwangalia mnywaji. Lakini sikilizeni vizuri: hata valvu hiyo, ing'ae namna gani, peke yake haitoshi mbele ya sumu. Kilango ni kitu cha mpira na springi, na punje moja ya mchanga inaweza kukifanya kikae wazi. Kwa Mzee Mchopa nilichomelesha chuma juu ya pipa, nikafunga mpira hapo kwa waya, mdomo wake ukaning'inia shibiri mbili juu ya ukingo. Hauwezi kuzama hata ukitaka. Mpira usiogusa maji hauwezi kuyanyonya, na hewa haina uzi wa kuvuja. Mzee alilalamika kwamba sasa atakoroga dawa kwa mti. Nikamwambia ndiyo, mzee, utakoroga kwa mti. Kila mnapofunga kifaa, kwanza angalieni mpira wa maji unalala wapi: kwenye pipa la dawa, kwenye beseni la nguo, kwenye birika la kunyweshea mbuzi. Anzeni na huo.

Na kama valvu inavuja nje lakini inazuia ndani, irudisheni hivyohivyo na aibu yake. Mnaweza kurudi kesho na nzuri zaidi. Mimi niliacha kilango kizima mkobani kwa sababu hakikupendeza.

Watu wa maji walifungua koki zote, wakaliosha bomba mpaka jioni, wakachukua maji kwenye chupa kwenda kupima. Nilikuwa nafika pale kila asubuhi. Kina mama walikuwa wanapikia maji ya madumu yaliyoletwa kwa pikipiki. Siku ya kwanza waliniuliza kama tayari, nikasema sijui. Siku ya pili waliniuliza tena, nikasema bado sijui, nikasubiri matusi. Hayakuja. Bi Somoe alisema tu, "Basi tutangoja," akanisogezea kigoda.

Siku ya tatu afisa wa maji alikuja na karatasi yake, akawasomea mbele ya vibanda kwamba maji ni salama na wanaweza kuyatumia. Alisoma vizuri, kwa sauti. Kina mama walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha hakuna aliyekwenda kwenye koki. Bi Somoe aligeuka akanitafuta kwa macho, mwiko mkononi.

"Tumemsikia afisa," alisema. "Na wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimeshaisoma karatasi ile mara nne. Nilikuwa nimetoka kwa Mzee Mchopa kuangalia mpira, nikapita kwenye mita, nikapita kwenye koki ya mwisho. Bado kulikuwa na sauti ndogo kichwani inaniambia nirudi nikaangalie mara moja tu.

"Pika, mama," nikasema.

Akafungua koki.